Mbwa Hana Kadi ya Chama, Ila Chanjo Yake ni Siasa



Machi 2023 nilikuwa kidato cha sita, bweni, mbali na nyumbani. Jioni moja matroni akaniita nipokee simu ya mama. Mama si mtu wa kupiga simu shuleni, kwa hiyo niliishika ile simu mkono unatetemeka. Akaniambia, "Mwanangu, huku kuna ugonjwa unaua watu, hata jina lake hawalijui. Usifikirie kuja." Huku ni Maruku, Bukoba Vijijini. Tarehe 16 mwezi ule serikali ilikuwa imetangaza kuwepo kwa ugonjwa usiojulikana uliokwishaua watu watano. Tarehe 21 Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, akautaja kwa jina: Marburg, kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi hii. Kata zilizotajwa zilikuwa mbili, Maruku na Kanyangereko.

Niliporudi baada ya mtihani nilikuta ndoo za kunawia kwenye kila duka, hata kwa yule mama wa maandazi ambaye zamani alikuwa anafuta mikono kwenye khanga tu. Wataalamu walikuja kutoka Dar, wakaja na wa nje ya nchi. Kila aliyekutana na mgonjwa alifuatiliwa, mmoja mmoja, siku baada ya siku. Tarehe 2 Juni Shirika la Afya Duniani, WHO, likatangaza kwamba mlipuko umekwisha. Tulikuwa tumezika watu 6.

Sina neno baya juu ya kazi ile. Mimi ni mpinzani, si kipofu. Serikali ilipoamua, iliweza. Na ugomvi wangu nayo unaanzia hapohapo, kwa sababu Maruku hiyohiyo, nikiwa darasa la tano, nilimwona mtoto akifa kwa kichaa cha mbwa na halikuja gari hata moja.

Alikuwa jirani yetu, ana miaka saba hivi. Kibwa kigeni kilipita kwenye kibanja chao, akataka kukishika, kikamng'ata kidole. Kidonda kidogo mno, sisi watoto wenzake tulimcheka kwa kulia. Bibi yake akamkamulia majani, akamfunga kitambaa, na baada ya wiki kikafunga. Mbwa hakuonekana tena. Miezi miwili baadaye, msimu wa senene, sote tuko nje usiku tunashika senene, yeye yuko ndani analalamika mkono unawasha, palepale kwenye kovu. Ikaja homa. Kisha akakataa maji.

Si kukataa kwa deko. Alikuwa na kiu, anaomba maji mwenyewe, na akiletewa kikombe koo linakaza, mwili unaruka, anapiga kelele. Upepo wa mlangoni ukimpuliza, hivyohivyo. Halafu kinatulia, na akitulia akili zake ni timamu kabisa, anamwita mama yake, anamwomba msamaha kwa kumwaga maji. Wakubwa wakasema amerogwa. Akaletwa mganga. Siku ya nne akafa, na pale msibani nilisikia kila sababu isipokuwa mbwa.

Nimekuja kuelewa kilichompata kwa kusoma, miaka mingi baadaye, na nawaandikia hapa kwa sababu nimegundua hata wenzangu wa chuo kikuu hawajui. Wanajua mbwa mwenye kichaa anatoka mapovu, basi.

Kirusi cha ugonjwa huu hukaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Huingia kwa jino, au mate yakigusa mchubuko, jicho au mdomo. Hakisafiri kwenye damu kama malaria. Kinaingia kwenye ncha za mishipa ya fahamu pale kwenye kidonda na kuanza kupanda kuelekea uti wa mgongo na ubongo, polepole, milimita kadhaa au sentimita chache kwa siku. Kwa hiyo aliyeng'atwa mguuni kwa kawaida ana muda mrefu kuliko aliyeng'atwa usoni. Na mtoto mdogo, uso wake uko usawa wa mdomo wa mbwa. WHO wanasema katika kila watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto chini ya miaka 15.

Safari hiyo mara nyingi huchukua miezi miwili hadi mitatu, ingawa yaweza kuwa wiki moja au ikafika hata mwaka. Muda wote huo mtu anakula, anacheza mpira, anakwenda shule, na hakuna kipimo kitakachomgundua kabla dalili hazijaanza. Kirusi kikifika ubongoni kinazaliana, kisha kinashuka tena kwa mishipa mpaka kwenye tezi za mate. Hapo ndipo unaona ukatili wake: kinajaza mate sumu yake, kinakaza koo ili mate yasimezwe, na kinamtia mbwa hamu ya kung'ata kila kilicho mbele yake. Yaani kinamtumia mgonjwa kama bodaboda. Kwa binadamu, kile tunachoita kuogopa maji si woga. Ni misuli ya koo inayokaza yenyewe kwa kujaribu kumeza, au hata kwa kuona maji tu. Wapo pia, kama mmoja kati ya watano, ambao hawapigi kelele kabisa. Wanapooza taratibu kuanzia sehemu iliyong'atwa, na wengi wao huzikwa kwa jina la ugonjwa mwingine.

Dalili zikishaanza, hakuna tiba. Waliowahi kupona duniani ni wachache kiasi kwamba kila mmoja huandikwa peke yake kwenye majarida ya kitabibu.

Lakini ule mwendo wa polepole wa kirusi ndio nafasi yetu. Kati ya jino na ubongo kuna siku, wiki, miezi, na ndani ya muda huo chanjo inamwahi. Louis Pasteur alimchanja mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, huko Paris Julai 1885, akiwa tayari ameng'atwa, na yule mtoto akaishi. Mwaka 1885, jamani! Wajerumani walikuwa ndiyo kwanza wanajitangazia koloni huku kwetu.

Kwa hiyo ukinisoma hapa halafu ukasahau siasa yote, shika hili. Ukiumwa na mbwa, paka, au mnyama yeyote unayemtilia shaka, kimbilia maji yanayotiririka na sabuni, hata ya kufulia, uoshe kidonda kwa dakika 15 kwa saa. Kirusi hiki kimefunikwa na utando wa mafuta na sabuni inauvunja. Usipake pilipili, usipake mafuta ya taa, usifunge majani. Kisha nenda ukachanjwe siku hiyohiyo, usingoje kuona kama mbwa atakufa. Kama mbwa anajulikana, afungwe na aangaliwe siku 10. Akibaki mzima, mhudumu wa afya ndiye atakayeamua kusimamisha dozi. Kidonda kikiwa kirefu, mgonjwa anahitaji pia kingamwili zilizotengenezwa tayari, zinadungwa kuzunguka kidonda, zimlinde wakati mwili wake unajifunza. Na dozi zote zimalizwe.

Hilo la "nenda ukachanjwe" ndilo lenye shida.

Likizo iliyopita mtoto wa binamu yangu, miaka sita, aling'atwa kwenye paja akitoka kuteka maji. Safari hii tulikuwa tunajua. Niliosha mwenyewe ile dakika 15 huku anapiga mayowe na bibi ananiambia, "Basi waitu, utamuua kwa sabuni." Tukapanda bodaboda. Tulipofika kwa wa kwanza, dawa hakuna. Kwa wa pili chanjo ilikuwepo, mhudumu mpole kabisa, akatuambia dozi moja elfu thelathini na zinatakiwa nne. Kingamwili hawana, na hawajawahi kuwa nazo tangu yeye aanze kazi pale. Binamu yangu alikuwa na elfu arobaini mfukoni, na nauli haijatoka.

Mnajua alichofanya? Alikwenda butura. Kwa wasiotoka Kagera: butura ni kuuza kahawa ikingali mtini, wengine hata ikiwa maua, kwa bei ya kutupa, kwa mtu mwenye fedha leo. Serikali inaipiga vita miaka yote, viongozi wakija kwenye msimu wa kahawa lazima waikemee jukwaani. Sasa mimi mwanafunzi wa sheria nimekaa pale kwenye benchi namwangalia binamu yangu anavunja katazo ili mwanawe asife kwa ugonjwa wenye chanjo, nikajiuliza nani hasa anapaswa kukemewa. Mtoto alimaliza dozi zote nne. Yuko mzima, na ametamba shule nzima kwa hadithi ya mbwa ambaye kila wiki anazidi kuwa mkubwa.

Makadirio yanayotajwa sana ya vifo vya kichaa cha mbwa Tanzania ni watu kama 1,500 kwa mwaka. Ni kama wanne kwa siku. Wale 6 wa Marburg, Mungu awarehemu, ugonjwa huu unafikisha idadi yao ndani ya siku moja na nusu, kisha unaanza upya. Duniani kote WHO wanakadiria vifo 59,000 kwa mwaka, asilimia 95 Afrika na Asia. Mbona hauitwi mlipuko? Kwa sababu hauvuki kiwanja cha ndege. Marburg ilitishia watalii, wawekezaji na wakubwa wenyewe. Kichaa cha mbwa kinatishia mtoto wa mkulima anayekwenda kisimani.

Kuna mtu atasema, nenda mahakamani, wewe si unasoma sheria? Haya, twende. Ibara ya 14 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuishi na kupata hifadhi ya maisha yake kutoka kwa jamii, kwa mujibu wa sheria. Inasomeka vizuri. Ibara ya 11 inazungumzia wajibu wa nchi kwa mtu aliye mgonjwa, lakini iko kwenye ile sehemu ya Katiba ambayo ibara ya 7 inasema mahakama haina mamlaka ya kuamua kama imetekelezwa au la. Halafu mwaka 2020 Bunge likaibadili sheria ya utekelezaji wa haki na wajibu wa msingi, likataka anayefungua shauri aape kwenye kiapo jinsi ukiukwaji ulivyomwathiri yeye binafsi. Tulipolisoma hilo darasani, wenzangu walijadili wanaharakati na kesi za siasa. Mimi nilimfikiria yule mtoto wa jirani. Aliyeathirika binafsi na kichaa cha mbwa ana siku chache za kuishi na hawezi kumeza maji. Kiapo anaapa lini?

Sheria za upande wa mnyama nazo zipo. Ipo Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003. Ipo Kanuni ya Adhabu, inayomgusa mtu asiyechukua tahadhari juu ya hatari ya mnyama wake. Halmashauri zina uwezo wa kutunga sheria ndogo. Tatizo ni kwamba mtu aliyeng'atwa ni wa Wizara ya Afya, mbwa aliyemng'ata ni wa Wizara ya Mifugo na Uvuvi, na halmashauri inayotakiwa kuwahudumia wote wawili ni ya TAMISEMI. Kidonda kimoja, wizara tatu. Muulize ofisa mifugo wa kata yenu ana chanjo ngapi za mbwa. Wa kwetu ana pikipiki ya serikali na mafuta anajinunulia, simlaumu.

Na mbwa ndiye jibu. Karibu vifo vyote vya watu kwa ugonjwa huu, hadi asilimia 99, vinatokana na mbwa. Ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, kirusi kinakosa pa kwenda na mnyororo unakatika. Si lazima wote. Ila kila mwaka, kwa sababu watoto wa mbwa wanazaliwa na wale waliochanjwa wanakufa. Kuwapiga risasi mbwa wazururaji, ambako halmashauri zetu zinakupenda kwa sababu kunaonekana, hakusaidii: unaua na waliochanjwa, na nafasi yao inajazwa na wageni wasiochanjwa.

Mnataka ushahidi wa hapahapa nyumbani? Pemba. Watafiti wakiongozwa na Kennedy Lushasi wa Taasisi ya Afya Ifakara waliufuatilia ugonjwa huu kisiwani humo kuanzia 2010 hadi 2020, mbwa kwa mbwa, wakasoma mpaka vinasaba vya kirusi, na matokeo yakachapishwa 2023. Mwanzoni minyororo mitano ya maambukizi ilikuwa inazunguka kisiwani. Kisiwa kizima kikaanza kuchanja mbwa kila mwaka, na ilipofika Mei 2014 yote mitano ilikuwa imekatika. Kisha chanjo ikaachwa ilegee. Mwishoni mwa 2016 kirusi kikaingia tena, mara mbili, na kikasambaa. Wakarudi kuchanja kisiwa kizima, na Oktoba 2018 kikatoweka tena. Soma hiyo hadithi taratibu. Watanzania wameutokomeza ugonjwa huu mara mbili. Katikati ya mara hizo mbili kuna uamuzi wa mtu fulani, mahali fulani, kwamba fedha ya mbwa inaweza kusubiri.

Ule utetezi wa "vijijini hakuna friji" nao umeshajibiwa. Utafiti uliofanyika kwa mbwa wa Tanzania na kuchapishwa 2016 ulionyesha kwamba chanjo ya mbwa iliyokaa miezi sita kwenye nyuzi joto 25 ilikinga sawa na ile iliyotoka kwenye friji. Mkoani Mara wamejaribu kuihifadhi kijijini kwenye vyungu vya kupozea visivyohitaji umeme. Na hii Maruku yetu, yenye mvua na migomba na baridi ya asubuhi, ndiyo ishindwe?

Mwenge wa Uhuru unafika kila halmashauri ya nchi hii, karibu kila mwaka. Barabara inachongwa, mafuta yanapatikana, ratiba inafuatwa kwa dakika. Sitaki mjadala wa Mwenge leo. Nataka tu mtu asiniambie haiwezekani kufika kila kijiji mara moja kwa mwaka na boksi la sindano.

Sasa na sisi tujiseme. Mara ya mwisho kusikia neno mbwa kwenye mkutano wetu wa hadhara lilikuwa tusi kwa mtu aliyehama chama. Tunapenda hoja kubwa, Katiba mpya, tume huru, na nazipenda pia, ndizo zilizonileta huku. Lakini yule bibi wa kijijini anatusikiliza masaa mawili juani halafu anarudi nyumbani kwenye shida ambayo hatukuitaja hata mara moja. WHO na wenzao wameweka lengo la kumaliza vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa kinachotoka kwa mbwa ifikapo 2030. Hiyo ni kesho kutwa. Hatuna sababu ya kusubiri tushinde dola ndipo tuulize.

Kwa sheria, mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye miaka 18 ana haki ya kuingia na kusema, awe na kadi ya chama gani au asiwe nayo. Nimerudi nyumbani wiki hii. Mtendaji amebandika tangazo kwenye mti pale dukani, mkutano ni Jumamosi saa nne, ajenda ni barabara na mchango wa madawati. Mengineyo iko mwisho. Nimeshaandika maswali yangu mawili kwenye karatasi: bajeti ya halmashauri ya mwaka huu imetenga shilingi ngapi za chanjo ya mbwa kwa kata yetu, na chanjo ya watu ya dharura iko kituo gani leo, si mwezi ujao. Nitaomba maswali yaandikwe kwenye muhtasari kama nilivyoyauliza. Binamu yangu anakuja, na amesema atamleta mtoto.

Majibu nitayaandika hapa, hata yakiwa kimya.